Jinsi ya kulinda afya ya wanafunzi kwa kuanzia na daftari

Nilipopewa jukumu la afya shuleni, nilikabidhiwa ufunguo wa kabati. Ndani mlikuwa na bandeji, pamba, mkasi, dawa ya kusafishia vidonda na vidonge vya kutuliza maumivu. Kwa mwaka mzima niliamini kazi yangu ni kulifungua kabati lile mtoto akija analia na kulifunga akishanyamaza. Anayeumwa kichwa nilimpa maji, nikamlaza kidogo, nikamrudisha darasani. Kesho yake akaja mwingine. Keshokutwa akarudi yule wa juzi, na sikukumbuka hata alikuwa amelalamikia nini.

Mwaka wa pili nilianza kuandika, na kazi ikabadilika. Niligundua kwamba shule yenyewe huugua: kuna saa inayoumiza vichwa, kuna mlango unaoumiza matumbo, kuna kipindi kinachowatetemesha watoto kabla hakijaanza. Ukimtazama mtoto mmoja mmoja huyaoni hayo. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu akiniuliza aanzie wapi, namwambia atafute daftari gumu la kurasa nyingi na droo yenye kufuli.

Namna ya kuandika

Chora safu saba: tarehe, saa, jina, darasa, mtoto anasema nini, umefanya nini, umemjulisha nani. Walimu wengi huniambia safu ya saa ni ya kupoteza muda. Mimi ningelazimika kufuta safu moja, hiyo ningeifuta mwisho kabisa, na mbele nitaeleza kwa nini.

Safu ya malalamiko iandikwe kwa maneno ya mtoto. Mtoto akisema "tumbo linanikata", andika hivyo hivyo. Akisema "moyo unanienda mbio" au "ubao unacheza", usigeuze kuwa jina la ugonjwa. Mimi na wewe si madaktari, na jina la ugonjwa ulilobuni huwa kama pazia: wiki ijayo utasoma "malaria" au "uvivu" na hutajua tena mtoto alikwambia nini. Maneno yake yakibaki, hata mhudumu wa kituo cha afya atakushukuru.

Daftari hili lina siri za watoto. Liwe mikononi mwa watu wawili tu, wewe na msaidizi wako. Asitumwe mwanafunzi kulibeba. Lisifunguliwe kwenye ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, na jina la mtoto lisitajwe kwa sauti mbele ya meza yenye watu kumi. Ukihitaji kumwonyesha mkuu wa shule hesabu zako, funika safu ya majina kwa karatasi. Watoto hujua haraka sana ni nani mdomo wake hauna mlango, na wakishajua, hawaji.

Ukurasa wa kwanza

Kabla ya malalamiko yoyote, ukurasa wa kwanza ni wa watoto wenye maradhi ya kudumu. Wiki ya kwanza ya mwaka peleka barua kwa kila mzazi ukiuliza mambo manne: mtoto ana ugonjwa gani unaojulikana, anatumia dawa gani, dalili zipi zikitokea tuogope, na simu ipi inapokelewa mchana. Barua zisiporudi, piga simu. Usidhani ukimya ni afya njema.

Kisha keti na walimu wanaomfundisha kila mtoto aliye kwenye ukurasa huo, uwaeleze mambo machache wanayopaswa kuyajua bila kuuliza. Haya ndiyo ninayoyasema mimi.

Mwenye pumu: inhela yake ya kutuliza haikai kwenye kabati lenye kufuli. Inakaa mfukoni mwake, au kwa mdogo sana, kwenye meza ya mwalimu wa darasa. Shambulio likija mketishe wima, usimlaze, mpe dawa kama ilivyoelekezwa kwenye mpango wake wa matibabu, na kama hapati nafuu au hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, tafuta gari la wagonjwa papo hapo. Sipunguzi uzito wa jambo hili. Ufunguo uliopotea kwa dakika tano unaweza kumaliza maisha ya mtoto.

Mwenye kifafa: ondoa viti na madawati yaliyo karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, usimshike kwa nguvu wala usimtie chochote mdomoni. Mtetemeko ukiisha mgeuze alale ubavu. Ukipita dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, ni hospitali. Na wakati huo huo mtu mwingine awatoe wanafunzi nje kwa utulivu, kwa sababu jambo linalomuumiza mtoto huyu zaidi ni kuzinduka akakuta macho arobaini yanamwangalia.

Mwenye kisukari anayetumia insulini: akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuongea mambo yasiyoeleweka, sukari yake huenda imeshuka. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, takriban vijiko vya chai vitatu hadi vinne, kisha mpime au mwangalie tena baada ya dakika 15. Asitumwe peke yake kwenda chumba cha afya. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu, ita msaada.

Mwenye selimundu (sikoseli): anywe maji wakati wowote, aende chooni bila kuomba ruhusa mara tatu, asisimamishwe kwenye baridi wala jua kali. Homa kwake si ya kusubiri jioni, na maumivu ya kifua vivyo hivyo.

Nusu saa ya Ijumaa

Kuandika bila kusoma ni sawa na kutoandika. Kila Ijumaa mchana nafunga mlango kwa nusu saa na kutafuta vitu vitatu: saa inayojirudia, jina linalojirudia, darasa linalojirudia.

Saa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kuna wiki nne mfululizo niliona wasichana wa madarasa ya juu wakija na kichwa, wote kati ya saa saba na saa nane mchana. Walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja kwa wakati wake nilimwona mgonjwa wa kawaida. Nilipowaona pamoja kwenye kurasa nikaacha kuuliza kichwa kinauma wapi, nikaanza kuuliza maswali mengine.

"Leo umekunywa maji, mwanangu?"

"Sijanywa, mwalimu."

"Tangu asubuhi?"

"Nikinywa nitataka kwenda chooni."

Nilikwenda chooni. Milango minne, na hakuna hata mmoja uliokuwa na komeo kwa ndani. Msichana akiingia ilibidi rafiki yake asimame nje akishika mlango, na kama hana rafiki wa karibu siku hiyo, hunyamaza na kiu yake mpaka jioni. Nilikuwa nimegawa vidonge kwa ajili ya ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa komeo nne na skrubu. Zilipofungwa, malalamiko ya saa ile yalipungua ndani ya wiki mbili, na sikuwa nimemtibu mtu.

Tangu hapo nakagua vyoo mwenyewe kila Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza. Nakuomba ufanye hivyo na wewe, kwa miguu yako, bila kumtuma mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi shuleni unataja tundu moja la choo kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila 50. Unataja pia lita 5 za maji kwa kila mtu kwa siku kwenye shule ya kutwa, na lita 20 kwenye bweni. Hesabu, ulinganishe, uandike pengo lililopo. Lakini usiishie kwenye idadi. Ingia, funga mlango, angalia kama unafungika, kama kuna mwanga, kama kuna pa kutupa pedi, kama sabuni ipo leo au ilikuwepo siku ya ukaguzi tu. Mtoto akikosa sabuni anajifunza kwamba somo la kunawa mikono ni la mtihani.

Hedhi nayo huonekana kwenye daftari, japo mara nyingi kama tumbo au kama nafasi tupu kwenye mahudhurio: siku mbili, tatu, kila baada ya wiki nne. Weka pedi mahali ambapo msichana anachukua bila kumwomba mtu. Sisi tuliweka sanduku ndani ya choo chenyewe. Kulikuwa na hofu kwamba zitaibiwa. Wiki ya kwanza zilikwisha haraka, maana wengine walichukua za akiba, na baadaye mwendo ukatulia. Waambie wabadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, na waambie hata wavulana hedhi ni nini, kwa lugha ya kawaida, kwa sababu nusu ya mateso ya msichana siku hizo ni kicheko cha wenzake.

Jina linalojirudia

Mtoto anayekuja mara tatu ndani ya wiki mbili simpi tena kidonge kabla sijakaa naye. Na hatua yangu ya kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote mazito, ni kumpima macho. Inashangaza ni mara ngapi jibu huwa hapo. Nilikuwa na mvulana aliyeandikwa na walimu watatu kuwa mtukutu: anageuka geuka, anazungumza na jirani, hanakili yaliyoandikwa ubaoni. Kwenye daftari alikuwa na kichwa, kichwa, kichwa. Alikuwa anageuka ili anakili kwenye daftari la jirani, kwa sababu ubao kwake ulikuwa ukungu tu.

Upimaji wa awali mwalimu anauweza akielekezwa mara moja na mhudumu wa macho. Chati ya herufi zinazopungua ukubwa, aliyoibuni daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, bado ndiyo msingi, na kwa wasiojua herufi kuna ile ya E iliyogeuzwa pande nne, mtoto anaonyesha kwa mkono upande ilikoelekea. Fuata umbali ulioandikwa kwenye chati, mara nyingi mita 6, na upime kwa kamba na si kwa hatua zako. Mwanga uwe wa kutosha kwenye chati. Jicho moja kwa wakati. Lingine lifunikwe kwa kiganja bila kulibonyeza. Mwenye miwani apimwe akiwa amevaa. Asiyesoma mstari wa 6/12 (ule ambao jicho zima huusoma likiwa umbali wa mita 12) kwa jicho lolote, mwandikie rufaa, na mpaka apate miwani mketishe mbele. Kisha fuatilia. Rufaa isiyofuatiliwa hubaki mkobani.

Swali la pili ninalouliza ni: "Jana ulilala saa ngapi, na umeamka saa ngapi?" Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Niliandika majibu ya mwezi mmoja nikayapeleka kwenye kikao cha walimu. Tukakuta kila mwalimu anatoa kazi ya nyumbani ya kiasi, na hakuna aliyejua kwamba siku ya Jumatano watoto wanabeba kazi za masomo matano. Tulipanga ratiba ya kazi za nyumbani siku hiyo hiyo.

Swali la tatu ni la michezo. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia na kuhema. Kama shule yako inamwadhibu mtoto kwa kumnyima mapumziko, omba adhabu hiyo iondolewe. Wanaonyimwa ni wale wale wasiotulia darasani, na wao ndio wanaohitaji kukimbia kuliko wote. Kuwa nje kwenye mwanga wa mchana hupunguza pia uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali, ambalo ndilo lile la yule mvulana wangu.

Mtoto anapokuwa na jambo

Kuna wakati macho ni mazima, usingizi unatosha, na jina linaendelea kurudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa wastani, hao ni sita kwenye darasa la wanafunzi 42. Wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na tumbo. Wanaacha mchezo walioupenda, wanavaa mikono mirefu siku za joto, au wanakuwa wakali ghafla.

Kwenye msaada wa kwanza wa kisaikolojia, mwongozo uliotolewa mwaka 2011 unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mimi ninavyofanya ni hivi. Naketi pembeni ya mtoto, siyo kumkabili. Mlango unabaki wazi nusu. Sianzi na "kwa nini", kwa sababu "kwa nini" mdomoni mwa mwalimu inasikika kama mashtaka. Nasema nilichokiona: "Umekuja hapa Jumatatu, Jumatano na leo. Nimeona hukucheza mpira wiki hii." Kisha nanyamaza. Ukimya wa dakika moja ni mrefu, na mwalimu huwa na hamu ya kuujaza kwa mawaidha. Jizuie. Mara nyingi mtoto ndiye anayeujaza.

Usiahidi siri. Mimi niliwahi kuahidi. Msichana aliniambia, "Nitakwambia ukiapa hutamwambia mtu," nikaapa, na alichoniambia kilikuwa ni kwamba mtu mzima anamuumiza. Ilibidi nivunje kiapo siku hiyo hiyo. Alilindwa, lakini hakusema nami muhula mzima, na alikuwa na haki. Sasa nasema mapema, kabla hajaanza: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Ukiniambia kuna anayekuumiza, au unataka kujiumiza, nitamwambia mtu anayeweza kukulinda, na wewe utajua kabla sijamwambia." Hakuna aliyeondoka kwa kusikia hivyo. Mmoja alikaa kimya, akarudi siku mbili baadaye.

Ukihofia mtoto anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa maneno hayo hayo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kupiga simu. Tuma mtu mwingine. Ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu, mwite mzazi au mlezi anayeaminika, na mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Hapo nimesema mlezi anayeaminika kwa makusudi. Kama anayemuumiza mtoto yuko nyumbani, simu ya nyumbani inaweza kumrudisha mikononi mwake. Anza na mamlaka za ulinzi wa mtoto. Usifanye upelelezi wako, usimfanye mtoto asimulie mara tano kwa watu watano, andika maneno yake mara moja jinsi alivyoyasema, weka tarehe na saa. Kama anayeumiza ni mwalimu mwenzetu, hatua ni zile zile.

Uonevu wa wenzake nao huandikwa. Takriban mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani huonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, kwa takwimu za UNESCO za mwaka 2019. Usiwakutanishe mwonevu na mwonewa wapeane mikono mbele yako. Yule mdogo atalipia akitoka mlangoni. Zungumza na kila mmoja peke yake, kisha badilisha mahali na wakati panapotokea. Safu ya saa itakuonyesha: kwetu ilikuwa dakika kumi kati ya kipindi cha nne na cha tano, kwenye ngazi za nyuma. Tuliweka mwalimu wa zamu pale.

Darasa linalojirudia

Watoto watatu wa darasa moja wakitapika au kuharisha ndani ya siku mbili, piga simu kituo cha afya kabla hujamaliza kuandika wa tatu. Warudishe nyumbani, wakae huko mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Upele na homa kwa pamoja, vivyo hivyo: piga simu kwanza.

Siku za chanjo na dawa za minyoo, wajulishe wazazi wiki moja kabla, kwa maandishi, na uandike ambao hawakupata ili wasisahaulike. Kidonge cha minyoo mtoto atafune. Mdogo anayelia usimlazimishe, anaweza kukabwa. Msubiri anyamaze.

Na kabati

Bado lipo. Damu ya pua: mtoto akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia achia. Kuungua: maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa haendi kulala chumba cha afya, anakwenda hospitali. Kagua tarehe za mwisho wa matumizi kila muhula.

Mwisho wa mwaka nahesabu mistari kwa saa na kwa darasa, naandika ukurasa mmoja usio na majina, na chini yake mambo matatu tu ya kurekebishwa, yenye jina la mwenye jukumu na tarehe. Orodha ya mambo kumi haisomwi. Daftari la zamani linaingia kwenye droo na kufungiwa. Kwenye jipya nayahamisha majina ya ukurasa wa kwanza kwa mkono wangu, moja moja, na kwa kila jina nampigia mzazi kumuuliza kama dawa bado ni ile ile.